Hodi Kabla ya Kufumbua

Ta!

Hiyo ni sauti ya kitochi cha Dokta Peta. Kilikuwa kitochi cha chuma, chembamba kama kalamu. Ukikibonyeza kitakoni kinalia ta, mwanga unatoka, na baada ya mwanga linakuja neno. Open. Ta, open. Ta, open. Kuanzia asubuhi foleni inapoanza mpaka watu wanakwenda kuswali adhuhuri, ilikuwa hivyo. Mpaka leo mtu akibonyeza kalamu karibu yangu dukani, mdomo wangu unataka kutafsiri.

Nawaandikia ninyi wadogo zangu mnaobaki kituoni, maana mimi nimestaafu. Msicheke. Mjomba wangu alicheka mpaka chai ikammwagikia. "Kustaafu? Mvi ziko wapi?" Nikamwambia, mjomba, sikuzeeka mimi, imezeeka kazi. Nilikuwa mkalimani wa madaktari wageni katika kituo chetu cha afya hapa Zinga, na sasa madaktari wa macho na wa meno wanaokuja ni wa kwetu. Wanasema Kiswahili tangu wanajifunza kutembea. Mkalimani wa nini tena? Sijawahi kusikia mtu amekosa kazi kwa habari njema kama hii, nami nimeipokea kwa mikono miwili.

Mambo ya nani alipandishwa na nani alilipwa vipi sitayaandika. Hayana utamu, na wahusika wengine bado wanapita barabarani.

Niliingia nikiwa na kidato cha nne na matokeo ambayo mama aliyakunja akayaweka chini ya godoro. Kiingereza changu hakikutoka darasani. Nilikuwa nafua mashuka kwenye nyumba ya wageni kule Bagamoyo mjini, na wageni wanapenda sana kuongea na mtu anayefua kwa sababu hawezi kuwakimbia. Basi nilikuwa naanika mashuka huku naota. Niliota kwamba siku moja nitaongea na watu watanyamaza wanisikilize. Ndoto ilitimia kwa namna yake. Niliajiriwa kuongea na watu walioachama midomo, hawawezi kunijibu.

Siku ya kwanza, mgonjwa wa kwanza alikuwa mzee wa Ubena mwenye jino. Shavu limevimba, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, na kanzu ameikunja kwenye mfuko. Dokta Peta, ambaye alikuwa wa macho lakini foleni ikizidi anatazama hata meno, akabonyeza kitochi. Ta. "Open."

"Fungua, mzee," nikasema.

Mzee akanitazama. Akafungua kifungo cha juu cha shati.

"Open," Dokta akarudia, kwa upole.

"Fungua, mzee wangu. Fungua zaidi."

Akafungua cha pili, na cha tatu. Mkono ulikuwa umeshafika kwenye mkanda, na uso wake unaonyesha mtu anayeanza kutia shaka elimu ya wazungu, ndipo Sista Zuhura alipopita na beseni.

"Wewe mtoto! Unamvua mzee wa watu nguo kwa ajili ya jino?" Akamgeukia mzee. "Shikamoo, baba. Achama."

"Marahaba," mzee akasema, akaachama, na jino lile bovu tukaliona sote.

Sista Zuhura ndiye aliyekuwa nesi mkuu. Mfupi, mpana, mzaliwa wa hapahapa, na sauti yake ukiisikia kutoka lango la nje unajua leo nani hakuosha vyombo. Mchana ule aliniita nyuma ya jengo, kwenye jiko la mkaa, akanipa muhogo wa kuchemsha na chai ya tangawizi. Nilidhani nafukuzwa. Nikaanza kula harakaharaka, kwamba wakinifukuza niwe nimeshiba.

"Taratibu, utapaliwa," akasema. "Sikiliza. Yule bwana ana neno moja. Analitumia kama mtu mwenye ufunguo mmoja wa nyumba nzima. Si kosa lake, ndivyo lugha yao ilivyo. Lakini sisi kila mlango una ufunguo wake. Wewe usisikilize mdomo wake. Tazama mkono wake unakwenda wapi."

Hilo ndilo somo zima la ukalimani. Mengine yote niliyojua baadaye yalikuwa ndani ya ule muhogo.

Nikaanza kutazama mkono. Ukienda mdomoni, ni achama. Ukienda machoni, ni fumbua. Mtoto aliyeshika pipi kwenye ngumi na huku anatakiwa kudungwa sindano, unamwambia kunjua mkono, mwanangu, na pipi unamshikia mahali anapoiona, la sivyo mtapigana. Sikio lililoziba linazibuliwa. Jipu linatumbuliwa, na hapo mkalimani anasimama mbali. Bandeji inafunguliwa, shuka linafunuliwa, pakiti ya dawa inachanwa. Ile ya dawa ya kuharisha, unga wa chumvi na sukari wa kukoroga na maji, wagonjwa waliichana kwa meno hata ukiwaambia usichane kwa meno. Yote hayo kwa Dokta Peta yalikuwa open. Nilikuwa namwonea huruma kidogo, kama mtu aliyekuja kulima na kijiko.

Chumba cha kujifungulia niliingia mara moja tu, siku mkunga mgeni alipokuja kutembelea. Akasema lile neno, nikatazama mkono wake, nikaona siwezi kulitamka kwa mama wa watu mbele ya mama mkwe wake. Sista Zuhura aliyekuwa pembeni akamwambia yule mama, "Legeza magoti, mwanangu, umpishe mgeni." Akalegeza. Yule mgeni akapita, wa kike, ana nywele tele. Nililia mimi kuliko mtoto.

Tulikuwa pia na kibao. Mgeni mmoja mwenye moyo mzuri alituachia kibao kilichoandikwa OPEN kwa rangi nyekundu, tukitundike langoni tukiwepo. Tukakitundika. Wiki nzima watu wakawa wanafika langoni, wanakisoma kibao, halafu wanaita, "Jamani, mpo?" Sista akakitoa. Akachukua mkaa, akaandika nyuma yake TUPO, akakitundika tena. Watu wakaingia.

Na kuna open ya moyoni, ambayo kwangu ilikuwa ngumu kuliko zote. Dokta alikuwa anamwambia mgonjwa mwenye aibu, you can be open with me. Ukimwambia mama wa pwani kwamba anaweza kuwa wazi kwa mwanamume mgeni, atakusanya kanga yake aende kwao. Nilikuwa nasema, "Mama, anasema hapa ni kama umeongea na kisima, linalozama halitoki." Nikisema hivyo, wanashusha pumzi, wanaanza, "Basi mwanangu, tangu mwezi wa Ramadhani…" na hapo navuta kiti, maana safari ni ndefu.

Sasa nifike kwa Bibi Mwajuma. Huyo ndiye sababu ya kuandika yote haya.

Alikuja kutoka Miono na mjukuu wake Rehema. Rehema anashika ncha moja ya fimbo, bibi anashika nyingine, wanatembea hivyo mpaka kwenye benchi. Alikuwa mkulima maisha yake yote. Jicho la kulia lilikuwa limekufa zamani, lilichomwa na suke la mpunga wakati wa mavuno. La kushoto likaingia mtoto wa jicho, likafunga polepole mpaka akabaki anajua tu kwamba ni mchana au usiku. Kwa hiyo alikuwa na jicho moja la kujaribia. Halikuwepo la akiba.

Lakini ulimi wake ulikuwa unaona vizuri sana.

"Huyo mume wako mrefu?" aliniuliza siku ya kwanza, alipomsikia Dokta Peta anaongea juu ya kichwa chake.

"Si mume wangu, bibi. Ni daktari."

"Kila anachosema unamsemea wewe. Kama si mume ni nini?"

Benchi zima likacheka. Dokta akauliza wanacheka nini. Nikamwambia bibi amekusifia urefu. Mkalimani naye ana haki zake.

Akapimwa. Kila siku ta, open, nami nasema, "Fumbua, bibi." Anafumbua, hasemi neno, ila anabana midomo. Nilidhani ni maumivu. Akafanyiwa upasuaji mchana, akatoka na pamba na bandeji upande wa kushoto, akalazwa kwenye ile wodi yetu yenye vitanda vya bluu. Asubuhi yake bandeji ingetoka, na alasiri Dokta Peta na wenzake wangeondoka. Kwa hiyo kama kuna la kurekebisha, lilipaswa kuonekana asubuhi ileile.

Asubuhi ikafika. Sista Zuhura akafungua bandeji, akaondoa pamba, akasafisha kope kwa maji ya dawa. Rehema amesimama miguuni pa kitanda na bakuli la uji, hanywi wala haliweki chini. Wagonjwa wa vitanda vingine wote wamekaa. Dokta akainama.

Ta. "Open."

"Fumbua, bibi."

Bibi hakufumbua.

"Fumbua, bibi yangu. Imekwisha. Fumbua taratibu."

Amefumba. Mikono ameifunga kwenye kanga, mdomo umebanwa. Dokta akaniuliza kama anaumwa. Nikamwuliza. Akatikisa kichwa. Ameogopa mwanga? Akatikisa. Sista akamwomba, Rehema akamwomba, mama wa kitanda cha pili akamwomba kwa jina la Mwenyezi Mungu. Wapi. Dokta akatazama saa, si kwa ukali, lakini nilimwona rangi ya uso inapungua. Alikuwa anafikiri amemharibu. Angeweza kumpanua kope kwa vidole, wenzake wengine wangefanya hivyo, naye akautoa mkono, kisha akaurudisha mfukoni. Nilimpenda kwa ule mkono.

Akanipisha. Nikakaa kitandani, nikainama mpaka kwenye sikio la bibi.

"Bibi, kuna nini?"

Akanong'ona. "Mjukuu wangu, sasa hivi nina jicho ambalo huenda linaona. Nikifumbua, huenda sina. Niache nikae nalo kidogo."

Mambo ya namna hiyo Sista Zuhura hakunifundisha kwenye muhogo. Nikamshika tu mkono, tukakaa.

Halafu, kwa sauti ya wodi nzima sasa, kama mtu aliyejuta kuonekana mnyonge, akasema, "Tena mwambie huyo bwana! Kila siku anakuja, open, open, open. Hilo neno nimeshalijua. Anasukuma mlango wa watu kila asubuhi! Kwao hawapigi hodi?"

"Eeh! Kweli kabisa!" mama wa kitanda cha pili akadakia. "Hajapiga hodi hata mara moja!"

Nikamgeukia Dokta Peta. Nilimweleza vyote, nusu kwa Kiingereza na nusu kwa mikono: kwamba kwetu huingii kwa mtu hata kama mlango uko wazi. Unasimama nje, unasema hodi, unangoja. Hujajibiwa, unasema tena. Hujajibiwa, unasema ya tatu. Na ya tatu usipojibiwa, unageuka unakwenda zako, wala hukasiriki. Mwenye nyumba ana sababu zake.

Akasikiliza kama nampa kipimo cha dawa. Akauliza kitu kimoja tu, kama jicho nalo ni nyumba. Nikamtazama Sista. Sista akasema, "Mwambie ni ya kwake. Hana nyingine."

Dokta akaweka kitochi mfukoni. Akatoka nje.

"Mbali zaidi!" mama wa kitanda cha pili akamwelekeza kwa mkono. "Usisimame mlangoni kama mdai! Pembeni!"

Akasogea pembeni, tukaona bega tu.

"Hodi," akasema. Hodi yake ilikuwa nzito, kama gunia linawekwa chini.

Bibi kimya. Kope zimetulia.

"Hodi."

Rehema akaanza kulia, machozi yanaingia kwenye uji. Mimi namtazama bibi usoni, naona chini ya kope kitu kinacheza, kama samaki chini ya maji. Nikasema moyoni, bibi, jibu, tafadhali jibu.

"Hodi," ikaja ya tatu, ndogo kuliko zote.

Ukasikika mfuniko wa sufuria kule jikoni.

Sasa hapa mimi nilitegemea atachungulia. Mtu yeyote angechungulia. Yule bwana hakuchungulia. Alifanya alichoambiwa. Tukasikia viatu vyake kwenye kokoto, kra, kra, kra, vinakwenda.

Bibi akainua shingo. "Anakwenda wapi?"

"Anaondoka, bibi," nikasema. "Amepiga tatu."

"Anaondoka kweli?"

"Si ndiyo adabu?"

Kra, kra, kra.

"Nani kamfundisha adabu yote hiyo!" Bibi akakaa wima. "We! We baba! Karibu! Karibu ndani, unakwenda wapi, karibu!"

Na mtu huwezi kumwita mwenzako bila kumtafuta. Akageukia mlangoni, akafumbua.

Jicho lilikuwa jekundu pembeni, linatoa machozi, linapepesa. Likatulia. Kupitia mlangoni, mbali kwenye kokoto, Dokta Peta alikuwa anakwenda, ametupa mgongo.

"Yallah," Bibi Mwajuma akasema. "Kumbe ana kipara?"

Sista Zuhura alipiga kigelegele mpaka watu wa barabarani wakadhani kuna harusi. Wodi nzima ikaitikia. Bibi hakuwa amemaliza. "Mbona hamkuniambia? Mrefu, mrefu, kila siku mrefu! Kipara mmenificha!" Na kweli kipara kilikuwepo, kidogo, nyuma ya utosi, ambacho hata mimi niliyemfuata kila siku sikuwa nimekiona vizuri. Dokta akarudi mbio, akajigonga kichwa kwenye kizingiti kama kawaida yake. Akapiga magoti mbele ya kitanda. Bibi akamshika uso kwa mikono miwili, akamgeuza huku na huku kama nazi sokoni.

"Anasemaje?" akaniuliza Dokta, macho yake yamejaa maji kuliko ya mgonjwa.

"Anasema karibu," nikamwambia.

"Mbona alisema maneno mengi?"

"Karibu ya kwetu ni ndefu."

Kisha bibi akamtafuta Rehema. Alimwona mwisho akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, ndivyo alivyokuwa anamjua kwa macho. Akamtazama juu mpaka chini, msichana mzima, na bakuli lake. Hakufanya mzaha hapo. Alisema tu, "Njoo nikuone," na Rehema akaenda, na sisi wengine tukakumbuka tuna kazi za kufanya sehemu nyingine za jengo.

Dokta Peta aliondoka alasiri ile kama ilivyopangwa. Aliporudi misimu iliyofuata, kitochi kilikuwa kilekile na ta ileile, lakini open ilikuwa imekufa. Alikuwa anasimama hatua moja nyuma ya kiti, anasema hodi kwa ile sauti ya gunia, mgonjwa anacheka, anasema karibu, na akisema karibu tayari amefumbua. Au ameachama, kama ni jino. Ikawa neno moja la nyumba nzima tena, ila safari hii lilikuwa la kwetu, na aliyekuwa anafungua ni mwenye mlango. Wenzake wakaliiga. Kazi yangu ikaanza kupungua siku ile, nami nilikuwa wa kwanza kushangilia.

Bibi Mwajuma yupo. Alituletea mananasi mara mbili, akayachagua mwenyewe kwa jicho lake, na kila akija anauliza kama mume wangu ameota nywele.

Kwa hiyo, wadogo zangu, haya ndiyo ninayowaachia. Madaktari wetu hawa vijana ni wazuri sana, na Kiswahili wanacho, lakini vitabu vyao vimeandikwa kwa lile neno moja, na wakichoka utawasikia wanamwambia bibi wa watu, "Fungua." Msiwacheke. Wapelekeni jikoni, muwape muhogo. Mgonjwa mkaidi mwulizeni kwa sauti ya chini anaogopa nini kabla hamjamwandika mkaidi. Sindano za watoto zianze na yule asiyelia. Na ule mlango wa wodi mwekeeni mtu mrefu alama ya chokaa, vichwa vimeumia vya kutosha.

Mimi natafuta kibanda hapa Zinga karibu na barabara, cha chapati na chai ya tangawizi. Majina ya kibanda nimeshaota mengi, kila siku jipya, lakini kibao ninacho: TUPO. Sista Zuhura amesema atakuja kuonja kabla ya kunisifia.

Siku ya mwisho mlinifanyia sherehe, mkaniimbia, mkanipa kanga, nikalia, mkacheka. Mlipokwisha kutawanyika, nilirudi ndani. Wodi ilikuwa tupu, vitanda vimetandikwa, madirisha yamefungwa. Nikasimama nje ya mlango, pembeni, si kama mdai. Nikasema hodi. Nikangoja vizuri. Nikasema hodi tena.

Ya tatu sikuipiga. Nimeondoka nayo.